Kwa nini Wajapani ndio waliowapita Wajerumani katika kamera za refleksi? Tujadili kwa hoja

#1 MwanaTanga

Wakuu, salaam.

Nimerithi kutoka kwa baba yangu mdogo kamera ya filamu aina ya Asahi Pentax Spotmatic, pamoja na lenzi yake ya Super-Takumar ya milimita 55. Ilikaa kabatini miaka mingi ndani ya mfuko wake wa ngozi. Nilipoitoa, nikavuta kile kipini cha kusogeza filamu na kubonyeza, ilitoa mlio mzito na mkavu ambao sijausikia kwenye kamera yoyote ya kisasa. Tangu siku hiyo nasoma historia ya kamera hizi kila nipatapo nafasi, na kuna swali moja ambalo haliniachii.

Kamera za refleksi za filamu ya milimita 35, yaani zile ambazo mpiga picha hutazama kupitia lenzi ileile inayopiga picha, hazikuanzia Japani. Kine Exakta ilitoka Dresden mwaka 1936, na ni mjini humohumo ilikotoka Contax S mwaka 1949 ikiwa na prizimu ya pembe tano juu yake, ile inayomwezesha mtu kuinua kamera usoni na kuona taswira iliyosimama sawasawa bila kugeuzwa kushoto kulia. Hata skrubu ya milimita 42 inayoshika lenzi ya Spotmatic yangu asili yake ni Dresden. Ilikuwaje basi, miaka kumi na tano tu baadaye, wapiga picha wa magazeti wakawa wanakwenda vitani na Nikon shingoni?

Maelezo ninayoyaamini mpaka sasa ni haya: mwaka 1954 kampuni ya Leitz ya Ujerumani ilitoa Leica M3, kamera ya renjifainda (yaani ile ambayo mtu hutazama kupitia kidirisha cha pembeni, si kupitia lenzi) iliyokuwa bora kiasi kwamba Wajapani waliona hawataifikia kwa njia hiyo, wakaamua kupita njia ya refleksi, ambako Wajerumani walikuwa wamelala. Mwenye hoja ya kuunga mkono au kupinga naomba aiweke hapa.

#2 Fundi wa Kariakoo

Hongera kwa urithi, mkuu. Jibu la swali lako limo ndani ya sanduku hilo hilo ulilolishika. Fungua lenzi, weka kamera mezani, kisha tazama ndani huku ukibonyeza. Utaona kioo kinapanda, pazia la shata, lile linalofungua na kufunga njia ya mwanga kwenda kwenye filamu, linapita, na kioo kinashuka tena mahali pake, vyote kwa kufumba na kufumbua. Katika Exakta za mwanzo na katika Contax S, kioo kilipanda kikabaki huko huko juu, na kidirisha kikawa giza totoro mpaka uvute filamu kwa ajili ya picha inayofuata. Niliwahi kutengeneza Exakta ya mteja, nikaijaribu kwa kumpiga picha mwanangu akiwa anakimbia uani. Baada ya kila picha nilimpoteza kabisa, na nilipompata tena alikuwa ameshafika upande wa pili wa ua.

Asahi ndiyo kampuni ya kwanza duniani kutatua jambo hilo, kwa Asahiflex IIb ya mwaka 1954. Kisha mwaka 1957 wakatoa Asahi Pentax yenye prizimu na kipini cha kuvutia filamu kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, na mpangilio huo wa vidole ndio uliofuatwa na karibu kila mtu kwa miaka thelathini iliyofuata. Baada ya hapo likaja tundu la lenzi linalojifunga lenyewe wakati wa kupiga na kufunguka tena, ili mpiga picha asilazimike kulenga kwenye taswira yenye kiza. Wajapani hawakubuni kila kimoja kati ya hivi, lakini ndio walioviweka vyote katika mwili mmoja ambao mtu wa kawaida angeweza kuununua. Leica M3 haihusiki sana.

#3 Mtunza Kumbukumbu

Naungana na Fundi katika hitimisho lake, ila kwa sababu nyingine, nayo ni tarehe. Asahiflex ya kwanza, ambayo ndiyo kamera ya kwanza ya refleksi ya milimita 35 iliyotengenezwa Japani, ilitoka mwaka 1952. M3 ilitoka mwaka 1954. Kilichotokea baadaye hakiwezi kuwa sababu ya kilichotangulia. Watu wa Asahi hawakuikimbia Leica yoyote, kwa maana hawakuwahi kushindana nayo. Wao walianza na refleksi moja kwa moja, ikiwa bado ya kutazamia kwa juu, kamera ikiwa kifuani.

Kwa Nippon Kogaku, ambao ndio Nikon, hoja ya MwanaTanga ina uzito, kwa kuwa wao walikuwa wakitengeneza renjifainda. Lakini hata hapo kuna tatizo. Canon nao walikuwa wa renjifainda, na baada ya M3 hawakuacha: walitoa Canon 7 mwaka 1961, miaka saba baada ya ule unaoitwa mshtuko. Ikiwa M3 iliwatisha wote, Canon hawakupata habari.

#4 Kijana wa Kisumu

Ahsanteni kwa mada. Nina sahihisho dogo kwa #2. Asahiflex IIb ilikuwa ya kwanza kwa Japani kuwa na kioo kinachorudi chenyewe, lakini si ya kwanza duniani. Kule Budapest, kiwanda cha Gamma kilitengeneza kamera iitwayo Duflex mwishoni mwa miaka ya 1940, kazi ya mbunifu Jenő Dulovits, na hiyo ilikuwa na kioo kinachorudi, pazia la chuma na hata tundu linalojifunga lenyewe. Zilitengenezwa chache sana na mradi ukakoma.

Nalitaja si kwa ajili ya kubishana juu ya nani wa kwanza. Nalitaja kwa sababu linadhoofisha hoja nzima ya ufundi. Ikiwa kioo kinachorudi ndicho kilicholeta ushindi, basi leo tungekuwa tunarithi kamera za Hungaria.

#5 Fundi wa Kariakoo

Nimepokea sahihisho, Kijana wa Kisumu, na nakushukuru. Duflex sijawahi kuishika mkononi. Hata hivyo kitu kubuniwa na kitu kufika dukani ni mambo mawili, na mimi nilikuwa nazungumzia lile la pili.

#6 Msomaji wa Hamburg

Wengi mnaitazama Japani tu. Naomba nilete upande wa Ujerumani, kwa kuwa huku niliko kamera zao za zamani zimejaa kwenye magulio ya Jumapili na nimezifungua kadhaa.

Wajerumani wa Magharibi hawakulala. Walifanya kazi kwa bidii, lakini katika njia iliyokuwa na ukuta mwisho wake. Mwaka 1953 Zeiss Ikon walitoa Contaflex, refleksi ambayo shata yake haikuwa pazia nyuma ya kioo, bali majani madogo ya chuma ndani ya lenzi, aina ya Compur. Voigtländer wakafuata na Bessamatic, Kodak wa Stuttgart na Retina Reflex. Shata ya namna hiyo ni nzuri kwa flashi, lakini inabana mlango wa mwanga na kufanya ubadilishaji wa lenzi kuwa mgumu. Lenzi ndefu sana au pana sana ni vigumu kuzitengeneza, na kila kitu ndani kinategemeana na kingine kama mtego wa panya. Ukitaka kujua kwa nini walishikilia njia hiyo, tazameni nani alikuwa na hisa katika viwanda vya shata za Compur na Prontor: ni wakfu wa Carl Zeiss wenyewe. Walikuwa na sababu ya kuuza shata zao.

Nao walipotaka refleksi ya kweli ya wataalamu walitoa Contarex, inayojulikana tangu mwisho wa miaka ya 1950. Lenzi zake ni za ajabu kwa ubora, na mwili wake ni mzito na wa gharama kubwa mno. Zeiss Ikon waliacha kutengeneza kamera mwaka 1972.

Jambo jingine ni mgawanyiko wa nchi. Zeiss walikuwa wawili, mmoja Mashariki na mmoja Magharibi, wakigombania hata majina. Ndiyo sababu Contax za Dresden ziliishia kuitwa Pentacon. MwanaTanga, jina la Pentax lililo usoni mwa kamera yako nalo lilisajiliwa kwanza huko huko Ujerumani Mashariki kabla ya Asahi kulipata. Wakati ndugu hawa wanavutana, Tokyo ilikuwa inafanya kazi.

#7 Mzee wa Chumba cha Giza

Nawasalimu nyote. Nilikuwa na studio Mombasa tangu mwaka 1968 hadi nilipostaafu, na nimesoma mchango wa kila mmoja.

Mnazungumza kuhusu vioo na shata, nami nataka kuzungumzia karatasi ndogo. Kamera ya Kijapani ilipofika dukani siku zile, ilikuwa na kibandiko cha umbo la yai, cha rangi ya dhahabu, kidogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, kilichoandikwa neno la Kiingereza lenye maana kwamba imepita ukaguzi. Wateja wengi walikibandua siku ileile. Mimi sikukibandua, na kwenye Nikkormat yangu kipo mpaka leo, ingawa dhahabu yake imefifia. Kibandiko hicho kilitoka kwenye taasisi ya ukaguzi wa kamera ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1954, ambayo kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kamera mbovu haitoki nje ya nchi. Kabla ya hapo, sisi tuliokua miaka ya 1950 tulizoea kusikia kwamba kitu cha Japani ni kitu cha kuchezea watoto. Sifa hiyo haikufutwa na kioo kinachorudi. Ilifutwa na mtu kununua kamera, kuitumia miaka mitano katika joto na chumvi ya pwani, na ikabaki inafanya kazi.

#8 Kijana wa Kisumu

Shikamoo Mzee. Je, kibandiko hicho kilikuwa dhamana kwa mnunuzi, kwamba ikiharibika atarudishiwa?

#9 Mzee wa Chumba cha Giza

Marahaba. Hapana, haikuwa dhamana ya duka. Ilikuwa ruhusa ya kusafirisha nje. Lakini sisi wauzaji na wapiga picha tuliichukulia kama ushahidi, na mimi nilimkataza kijana wangu wa kazi kununua kamera isiyo nacho.

#10 Mchumi wa Mtaa

Naona kila mtu anatafuta sababu ndani ya kamera au juu ya kamera, na hakuna aliyetaja fedha. Kuanzia mwaka 1949 mpaka mwaka 1971 yeni ilifungwa kwa kiwango cha 360 kwa dola moja ya Marekani. Fikirini maana yake kwa kiwanda kinacholipa mishahara kwa yeni na kuuza kwa dola, huku uchumi wa nchi ukikua na yeni haipandi. Bidhaa ileile ilibaki rahisi kwa mnunuzi wa New York kwa miaka zaidi ya ishirini. Ongezeni majeshi ya Marekani yaliyokuwa Japani wakati wa ukaliaji na wakati wa vita vya Korea: makumi ya maelfu ya vijana wenye dola mfukoni, wanaonunua kamera karibu na kambi na kurudi nazo kwao. Hiyo ni biashara ya nje isiyohitaji hata meli.

#11 Mtunza Kumbukumbu

Mchumi amegusa Korea, na hapo kuna kisa kilichothibitishwa ambacho kinafaa kusimuliwa vizuri. Mwaka 1950 mpiga picha wa jarida la Life, David Douglas Duncan, alikuwa Tokyo. Mpiga picha wa Kijapani, Jun Miki, alimpiga picha kwa lenzi ya Nikkor ya milimita 85. Duncan alipoona picha iliyosafishwa alishangazwa na makali yake, akaenda kiwandani kwa Nippon Kogaku, akalinganisha lenzi zao na zake za Kijerumani, na akaondoka na Nikkor zilizofungwa kwenye Leica zake. Vita vya Korea vilipoanza mwezi Juni mwaka huo, picha zake zilipigwa kwa lenzi hizo. Kabla ya mwaka kwisha gazeti la The New York Times lilikuwa limeandika kuhusu kamera na lenzi za Japani.

Angalieni jambo hili: sifa ilianza na lenzi, na lenzi hizo zilikuwa kwenye kamera za Kijerumani. Refleksi yao ilikuja miaka tisa baadaye. Nikon F ilipotoka mwaka 1959, wateja wake walikuwa tayari wameandaliwa.

#12 Msomaji wa Hamburg

Na kiwango cha yeni, Mchumi, kiliwafaa Wajapani wote. Mbona wengine walikufa? Zunow walitoa mwaka 1958 refleksi nzuri ajabu yenye tundu linalojifunga lenyewe, na miaka michache baadaye hawakuwapo tena.

#13 Mpenzi wa F

Nimechelewa, lakini hapa penye Nikon F siwezi kupita kimya. Ninayo ya mwaka 1967 na ninaitumia kila wiki.

Masahiko Fuketa na wenzake hawakuanza na karatasi tupu. Walichukua renjifainda yao ya Nikon SP, wakaikata katikati na kutia sanduku la kioo. Ushahidi uko kidoleni: kitufe cha kupigia kiko nyuma sana, mahali kilipokuwa kwenye SP, na mtu aliyezoea kamera nyingine hulazimika kukunja kidole. Hivyo MwanaTanga hajakosea kabisa, maana Nikon walitoka kwenye renjifainda wakiwa wamebeba uzoefu wake wote. Umbo la prizimu lile la pembe kali ni mchango wa Yusaku Kamekura, msanii wa michoro ya matangazo.

Kilichowashinda Wajerumani, kwa maoni yangu, ni kwamba F haikuwa kamera, ilikuwa familia. Prizimu inatoka na kubadilishwa. Kioo cha kulengea kinatoka. Mgongo unatoka na kuwekwa mota ya kuvuta filamu. Lenzi zipo tangu pana mpaka zile ndefu za darubini. Kifungio chake cha lenzi cha kuzungusha, chenye upana wa milimita 44, hakikubadilishwa umbo lake la msingi tangu 1959, kwa hiyo mpiga picha aliyenunua lenzi moja alijua kwamba fedha yake haijapotea. Mimi hupenda sana ile kazi ya mkono ya kufunga lenzi kwenye kipimamwanga cha Photomic FTN: unaingiza lenzi, kisha unazungusha pete ya tundu hadi mwisho wa huku na mwisho wa huku, mara moja, ili kile kipimamwanga kitambue ukubwa wa tundu la lenzi. Vidole vyangu hufanya hivyo hata ninapokuwa nimeshika lenzi isiyohitaji.

#14 BintiShangani

Wakuu, samahani kwa kutoka kidogo nje ya njia, lakini nina swali la lenzi. Nina Super-Takumar ya milimita 50, ya f/1.4, niliyoinunua kwa mtu hapa Unguja. Kioo chake kina rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nimeambiwa ni uchafu, nikasafisha mbele na nyuma, rangi haikutoka. Nyingine niliyo nayo imeota ukungu ndani, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui kutoka ukingoni.

#15 Fundi wa Kariakoo

Dada BintiShangani, hayo ni magonjwa mawili tofauti, na la kwanza limo ndani ya mada kabisa.

Hiyo rangi ya chai si uchafu. Kampuni ya Asahi, kama wengine wa wakati huo, ilitumia katika baadhi ya vipande kioo chenye thoriamu, kwa kuwa kioo hicho hupinda mwanga kwa nguvu bila kutawanya sana rangi zake, na hivyo mbunifu aliweza kupata lenzi yenye tundu kubwa na makali mazuri kwa vipande vichache. Thoriamu ina unururishi mdogo, na kadiri miaka inavyopita unururishi huo huchafua kioo chenyewe kwa rangi ya manjano. Dawa yake ni mwanga wa urujuanimno. Iweke dirishani penye jua la asubuhi, mgongo wa lenzi ukielekea juani, tundu likiwa wazi kabisa, kwa wiki kadhaa, na uweke kipande cha karatasi ya alumini upande wa pili ili mwanga urudi. Usiiache peke yake juani ikielekea kitu kinachoweza kushika moto. Nimeshazisafisha hivyo nne, na zote zilirudi kuwa karibu nyeupe. Usijaribu kuisugua wala kuichonga, kwa sababu vumbi la kioo hicho si la kuvutwa puani.

Ukungu ni habari nyingine. Huo hula upako wa lenzi, na ukishaula hakuna wa kuurudisha. Lenzi ifunguliwe mapema na fundi, kisha itunzwe ndani ya kisanduku kinachofungwa kabisa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, si ndani ya mfuko wa ngozi. Mfuko wa ngozi ndio shamba la ukungu katika pwani yote hii. MwanaTanga, nawe umesikia.

#16 MwanaTanga

Nimesikia, na nimeitoa leo leo. Lenzi yangu ya 55 nayo ina rangi kidogo, nami nilidhani ndivyo zilivyotoka kiwandani. Swali la ziada: mita ya mwanga haifanyi kazi. Nimesoma kwamba betri zake zilikuwa za zebaki na hazitengenezwi tena. Je, imekufa moja kwa moja? Nilitamani iwe hai, kwa kuwa nasikia Spotmatic ndiyo kamera ya kwanza kupima mwanga kupitia lenzi.

#17 Mtunza Kumbukumbu

Hapo pana utata ambao hurudiwa sana. Asahi walionyesha Spotmatic ya majaribio kwenye maonyesho ya Photokina mwaka 1960, ikipima sehemu ndogo tu ya picha, na jina likatokana na hilo. Iliyofika sokoni mwaka 1964 haikupima sehemu ndogo. Ilipima picha nzima kwa wastani, na jina la zamani likabaki. Katikati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1963, Tokyo Kogaku walitoa Topcon RE Super, na hiyo ndiyo ya kwanza kuuzwa ikipima mwanga kupitia lenzi, tena tundu likiwa wazi. Kwenye Spotmatic unalazimika kusukuma swichi ya pembeni ili tundu lijifunge kwanza ndipo upime.

#18 Fundi wa Kariakoo

Kuhusu betri, una bahati. Kamera nyingi za wakati ule, kama Olympus OM-1 na Minolta SR-T 101, zilitegemea volti 1.35 kamili za zebaki, na ukiweka betri ya leo ya volti 1.55 mita husema uongo. Sakiti ya Spotmatic imejengwa kama mizani yenye pande mbili, hivyo volti ikizidi kidogo huzidi pande zote na sindano haidanganywi. Tafuta betri ya oksidi ya fedha ya ukubwa unaokaribiana, ufunge pete ya mpira pembeni ili ikae katikati. Kabla ya hapo fungua kifuniko cha chini na ukwangue ile kutu ya kijani kwa siki kwenye pamba ya sikio.

#19 Mhandisi wa Umeme

Mimi naona mmesimama miaka ya 1960 wakati ushindi wenyewe ulikuja miaka ya 1970. Kabla ya hapo refleksi ilikuwa mali ya wapiga picha wa kazi na wachache wenye uwezo. Mwaka 1976 Canon walitoa AE-1, kamera ya kwanza ya refleksi kuongozwa na kompyuta ndogo ndani yake. Waliondoa mamia ya vipande vya kuunganishwa kwa mkono, wakaweka sakiti inayokunjika kuzunguka prizimu, mwili ukafunikwa kwa plastiki iliyopakwa rangi ya chuma, na kazi kubwa ya kiwandani ikafanywa na mashine. Pamoja na AE-1 Program iliyofuata, ziliuzwa zaidi ya milioni tano. Kumbukeni kwamba Canon walikuwa wakitengeneza mashine za kukokotolea tangu mwaka 1964. Mkono uliozoea elektroniki ulikuwapo tayari. Ni kiwanda gani cha kamera cha Ujerumani kilikuwa na mkono huo?

#20 Fundi wa Kariakoo

Nakubali hoja, ingawa AE-1 ndizo zinazonipa kazi nyingi kuliko zote. Zikizeeka hukohoa: ukibonyeza unasikia mlio kama wa mlango wenye bawaba kavu. Ni gia za utaratibu wa kioo zilizokaukiwa mafuta, na tone moja likifika mahali pake, kikohozi huisha. Lakini sakiti ikifa, imekufa. Spotmatic ya mkuu hapa itaendelea kupiga hata bila betri.

#21 Mpenzi wa OM

Na hakuna aliyemtaja Yoshihisa Maitani? Nikon F yenye Photomic huning'inia shingoni kama tofali. Mwaka 1972 Olympus walitoa kamera waliyoiita M-1, yenye uzito wa takriban gramu 510 bila lenzi, na Leitz walipolalamika juu ya jina ikawa OM-1. Maitani alihamisha pete ya kasi ya shata kutoka juu ya kamera akaizungushia mdomo wa lenzi, akapata nafasi juu na kidirisha kikubwa ambacho mpaka leo kinanishangaza kila ninapokitazama. Baada ya hapo kila kampuni ilipunguza mwili wake. Hoja yangu kwa uzi huu ni kwamba kufikia wakati huo Wajapani hawakuwa wanashindana na Wajerumani tena. Walikuwa wanashindana wao kwa wao, Asahi, Nikon, Canon, Minolta, Olympus, Konica, Yashica, na ushindani huo ndio uliowapeleka mbali.

#22 Msomaji wa Hamburg

Wao kwa wao, ndiyo, lakini pia walisaidiana kwa namna ambayo mnunuzi hakuiona. Kampuni ya Copal ilitengeneza shata ya chuma iliyoshuka wima, Copal Square, na kampuni nyingi zikainunua badala ya kila moja kubuni yake. Nikkorex F ya mwaka 1962, iliyoitumia, ilitengenezwa na Mamiya. Baadaye Cosina walitengenezea Nikon, Canon, Olympus na Yashica miili ya bei nafuu.

#23 Mchumi wa Mtaa

Na usisahau waagizaji. Kule Marekani Pentax ziliuzwa zikiwa na jina la Honeywell usoni, na Nikon zilikuwa mikononi mwa Joseph Ehrenreich, aliyejua kuwahudumia wapiga picha wa magazeti kuliko mtu yeyote wa wakati wake. Kamera nzuri bila mtu wa kuifikisha hukaa ghalani. Honeywell hao hao baadaye waliishtaki Minolta kuhusu ulengaji wa kiotomatiki wa Minolta 7000 ya mwaka 1985, na mwaka 1992 Minolta wakalipa dola milioni 127.5.

#24 Kijana wa Kisumu

Nimesoma yote na narudi na swali gumu kuliko la MwanaTanga. Topcon RE Super ilitangulia kila mtu kwa mita, na hata jeshi la wanamaji la Marekani lilizitumia. Miranda ndio waliokuwa wa kwanza Japani kuweka prizimu, mwaka 1955, miaka miwili kabla ya Pentax. Zote zilikuwa na yeni ileile, kibandiko kilekile cha Mzee wetu, na vita vilevile vya Korea nyuma yao. Miranda hawakumaliza miaka ya 1970, na Topcon waliacha kamera za aina hii muda mfupi baadaye. Maelezo yoyote tutakayoyakubali kuhusu Wajapani na Wajerumani lazima yaeleze pia kwa nini hawa wawili walianguka.

#25 Mpenzi wa F

Topcon walitumia kifungio cha lenzi cha Exakta. Walijifunga kwenye mdomo mwembamba wa mwaka 1936 huku Nikon wakiwa na milimita 44. Mimi naanzia hapo.

#26 Mtunza Kumbukumbu

Lakini Pentax walikaa na skrubu ya Dresden mpaka mwaka 1975 na wakauza kuliko wengi. Kwa hiyo kifungio peke yake hakitoshi.

#27 MwanaTanga

Nawashukuru wote. Nimelegeza msimamo kuhusu Asahi kwa sababu ya tarehe za #3, ila kwa Nikon bado naiona M3 nyuma ya pazia, hasa baada ya maelezo ya kile kitufe kilicho nyuma. Swali la Kijana wa Kisumu naliacha wazi, na yeyote mwenye la kusema juu ya Topcon asisite.

Nimekwangua kutu kwa siki, nimeweka betri yenye pete ya mpira, nikasukuma swichi ya pembeni na kuelekeza lenzi dirishani. Sindano imepanda hadi katikati na kutulia.

#28 Fundi wa Kariakoo

Vizuri sana. Sasa fungua mgongo, uguse ile sponji nyeusi iliyo kwenye mfereji wa ukingoni. Ikiwa inanata kama lami, usiweke filamu bado. Niandikie hapa.